Mteremko Usionyolewa

Kinyozi hakuweza kuona kitu kimeota akakiacha. Ndevu, nyusi, majani, vyote kwake vilikuwa kazi. Kila alipofunga duka lake, lililokuwa mbele ya nyumba, alishika jembe na kupanda mteremko wa nyuma ya jikoni. Huko ulitambaa mmea wa porini wenye maua ya zambarau na maganda kama ya kunde. Aliung'oa wote, na mizizi yake.

"Tazama, mke wangu! Kipara safi!"

Mvua ilipopiga, mteremko ukashuka kuja kusalimia. Tope likajaa jikoni mpaka ndani ya masufuria. Mkewe hakugombana. Alibeba jiko, akaliweka dukani katikati ya viti vya wateja, akakaanga vitunguu.

"Nipishe, Baba Watoto. Wewe umeninyolea jikoni, mimi nakupikia dukani."

Wateja wakawa wanatoka na nywele nzuri na harufu ya mchuzi. Kisha wakaacha kuja. Kinyozi akaingiwa na hofu ya kweli, maana duka ndilo lililowalisha.

Akamwita jirani yao, Mama Miche, anayeotesha miti kitaluni. Mama Miche akautazama mteremko, akashika kiuno.

"Shemeji! Huu ni wa jamii ya kunde, lakini ni wa porini. Asili yake ni kisiwa hiki, kwingine hauoti wenyewe. Mizizi yake ndiyo iliyokuwa inashika udongo."

"Nilidhani ni magugu."

"Si kila kisichopandwa ni gugu. Na msije mkala mbegu zake, si kila ganda ni mboga."

Akampa mbegu alizookota huko juu kabisa, kwenye mimea ambayo jembe halikuifikia.

"Zina ganda gumu. Ukizifukia hivihivi, utasubiri mpaka uote mvi. Kwaruza kila moja kwa msasa, juujuu tu, usifike ndani. Loweka usiku kucha. Zikivimba, panda."

Kukwangua bila kujeruhi? Kinyozi akafurahi, hapo amefika nyumbani! Alikwaruza mbegu moja moja, ulimi nje, na kwa mazoea akaiuliza mojawapo, "Pembeni nipunguze?"

Miche ikachipua, ikatambaa, ikaufunika mteremko. Mvua kubwa iliporudi, maji yakashuka, udongo ukabaki. Mkewe akapitisha kidole kwenye sakafu ya jikoni. Hapakuwa na tope. Akarudi dukani.

"Haya, nisaidie kubeba jiko."

Kinyozi akalidaka likiwa bado la moto, akaungua vidole, akacheka mpaka machozi yakamtoka.