Barua Arobaini na Moja

Kila asubuhi kabla ya shule nilitumwa kununua mikate kwa Mama Mikate, na kila asubuhi nilisoma tangazo lile lile mlangoni pake: "Anatakiwa mwokaji." Lilikuwa na wiki tano. Nyumbani nako kaka yangu, mwokaji mwenye uzoefu wa miaka mitatu ambaye kiwanda chao kilifungwa, alikuwa na wiki tano bila kazi, na barua ya kuomba kazi alishaipeleka kwa Mama Mikate. Mama akasema mwezi ukiisha bila jibu, Kaka ataenda kukaa kwa Baba Mkubwa, mji wa mbali. Nililia, sisemi uongo.

Kilichonivuruga kichwa ni hiki: Mama Mikate analalamika hapati mfanyakazi, Kaka analalamika hapati kazi, na kati yao pana mtaa mmoja tu. Nilipouliza kwa nini, Kaka alisema hajui. Mwalimu wa hesabu alisema hayo ni mambo ya watu wazima. Basi nikamuuliza Mama Mikate mwenyewe.

Alijifuta unga mikononi, akavuta boksi chini ya meza. Lilikuwa na barua arobaini na moja. Nikasoma ya kwanza: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma." Ya pili hivyo hivyo. Ya kumi hivyo hivyo, mpaka mkato. Ya Kaka nayo ilikuwa humo, pacha wa wenzake.

"Sasa mwanangu, nimwite yupi?" aliniuliza. "Wa mwisho niliyemwita kwa barua hizi hakuwahi hata kukanda unga. Tangu hapo naogopa."

Kumbe wote walikwenda kwa mpiga chapa wa pale kona. Ana barua moja kwenye kompyuta, anabadilisha jina tu.

Nilimwambia Kaka aandike barua yake mwenyewe. Alibisha kwanza, eti barua ya kazi ina utaratibu wake. Mwishowe akakaa, akaandika kwa mkono wake. Alieleza anavyokanda, anavyojua joto la tanuri, na siku aliyosinzia akaunguza mikate mia mbili. Nilimwambia aifute habari hiyo ya kuunguza, anajiharibia. Hakuifuta.

Mama Mikate aliposoma alicheka mpaka akakaa. "Aliyeunguza mikate mia mbili," alisema, "hakika amewahi kuoka." Akamjaribu siku tatu. Mikate ilitoka mizuri, Kaka akapewa kazi, safari ya kwa Baba Mkubwa ikafa.

Nilifurahi, lakini kichwa hakikutulia. Nikamuuliza Mama Mikate: na wale arobaini? Huenda humo yumo anayeoka kumshinda Kaka.

Alilitazama lile boksi, asicheke tena. "Huenda yumo," alisema. "Na mimi sitamjua kamwe. Maneno mazuri kila mtu anayo, mwanangu. Kazi uliyoifanya, pamoja na makosa yake, unayo wewe peke yako. Iseme mwenyewe."