Ukuta wa Nyumba ya Dimcho

Kilichowashangaza kwanza ni ule ukuta. Ulikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe, na nyuma yake hakukuwa na jiko wala bomba, ila ua uliojaa theluji.

"Tumepata bahati," Vykintas alimwambia mkewe, Gintarė, huku akiegemeza buti zake zikauke. "Kuni tutanunua nusu."

Walikuwa wametoka Lithuania kuja Bansko, mji wa milimani nchini Bulgaria, kwa msimu mmoja wa skii, zile mbao za kutelezea thelujini. Mume alipaka nta skii za kukodisha dukani ili ziteleze, mke aliosha vyombo mgahawani, na siku ya mapumziko wote wawili walipanda mlimani. Hakukuwa na chumba cha bei rahisi kuliko hiki cha mzee Dimcho.

Wiki ya tatu ukuta ulianza kunuka sufu iliyolowa. Wiki ya nne ukaanza kupumua. Gintarė akivuta pumzi, nao ulivuta. Akizuia yake, ulimsubiri. Vykintas akakonda, akawa anasukuma sahani kando, mpaka siku moja wakiwa juu mlimani, jua likiwaka juu ya theluji hata macho yakauma, Gintarė alitazama chini akaona kivuli chake cheusi, na cha msonobari, lakini miguuni pa mumewe palikuwa na doa la kijivu tu, jembamba kama moshi, likivutwa kuelekea mjini, ilhali jua lenyewe lilikuwa upande huo huo.

Alimpeleka kwa Bibi Stoilka, ajuza anayewatibu watu walioingiwa na hofu kwa kuwamwagia majini madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Bibi alimfunika Vykintas kitambaa chekundu, akayeyusha risasi, akaimwaga katika bakuli la maji juu ya kichwa chake. Haikutoa hata mlio. Ilitulia chini, bapa, yenye pembe nne, kama tofali.

"Mwanangu," Bibi alinong'ona, "nani alikupima?"

"Mzee Dimcho, siku tuliyofika. Alipima kivuli changu uani kwa uzi mwekundu. Akasema ni utani wa huku."

"Si utani. Ukuta wa nyumba yake unashikiliwa na jini, na jini lenyewe ni mtu aliyejengewa kivuli chake humo. La zamani limechoka, nyumba inataka kuanguka. Ameuweka uzi wako ndani. Aliyepimwa hivyo ana siku arobaini za kuishi, kisha anakuwa jini jipya."

"Leo ya ngapi?" Gintarė aliuliza.

Vykintas alihesabu kwa vidole. "Thelathini na tisa."

Saa ile ile Gintarė alirudi chumbani akashika nyundo. Dimcho alisimama mlangoni, asimzuie.

"Piga tu, binti," alisema taratibu. "Baba yangu alipompima mke wangu, nami nilipiga hivyo hivyo."

Gintarė aliubomoa ukuta kidogo, akautoa uzi kati ya mawe. Bibi Stoilka akauchoma. Vykintas alikunywa supu bakuli mbili, akacheka.

Kesho yake adhuhuri alianguka dukani, brashi ya nta mkononi, akafa.

Aprili theluji iliyeyuka, wageni wakafunga mizigo. Dada yake Gintarė alipiga simu kutoka kwao.

"Mwili wa Vykintas tumeshauzika, hii ni wiki ya sita sasa. Wewe unarudi lini?"

Gintarė aliishusha simu sikioni. Alikuwa ameketi sakafuni, shavu limegusa ukuta, na ndani ya mawe mtu alikuwa akimwita kwa lugha ya kwao, kwa kifupi cha jina lake.

"Gintė, umekula?"

"Nimekula, mpenzi," alisema, akazima simu.