Spana ya Upepo na Safari ya Moa

Tangu Nasima ajifungue, simu ya mama yake iliita kila asubuhi, chai ikiwa bado jikoni. Nasima na mumewe Yussuf wanakaa Muheza. Mama yake, Bi Rahila, yuko Moa, kijiji cha pwani kupita Tanga.

"Arobaini imekwisha, mwanangu," Bi Rahila alisema asubuhi ile. "Mjukuu mmempa jina langu, na mie sijamtia machoni. Na haya macho yanazidi kuingia ukungu. Utamleta lini?"

"Kesho, mama. Inshallah."

Nasima alikata simu, akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Alikuwa na hamu na mama yake mpaka kifua kinamuuma. Lakini kumpakia mtoto mchanga kwenye bodaboda hadi Moa, hakuthubutu. Mama naye ana nyonga mbovu, safari haziwezi. Lililobaki ni gari lao kuukuu, nalo breki zilikuwa zimekwisha.

Yussuf alikuwa uani, meno yote nje. Amenunua spana ya upepo ya bei nafuu, pamoja na mashine ndogo ya kuisukumia upepo ili ijizungushe. Juma zima alikuwa akikanyaga wili spana, ile ya mkono, afungue nati za magurudumu, nazo zimeshika kutu, hazitikisiki. Leo alibonyeza tu. Trrrrr! Zikatoka zote.

"Umeona, mke wangu? Bila jasho!"

Pedi za breki alibadilisha vizuri, hilo tumpe haki yake. Kisha akaleta kopo la mafuta ya papa aliloachiwa na marehemu baba mkwe, fundi wa mashua. Akazipaka bolti za gurudumu zikarowa. Harufu ilipomfikia Nasima, alimwona baba yake anapaka mashua, na mama amemshikia kopo. Akatamani awe Moa saa ileile.

"Yussuf, kwani bolti nazo hupakwa?"

"Kule kwenu Moa, chombo kisichopakwa huoza!"

Haya, mtoto wa pwani kapata mashine, nani atamwambia kitu? Akatia nati kwenye spana, akabonyeza. Trrrrr! Trrrrr! Nati ya tatu ikaingia upande. Ya nne, tak! Bolti ikakatika.

Nasima alikaa kizingitini akalia. "Mama atapofuka hajamwona mwanangu!"

Kilio kilimleta jirani yao Beatrisi, mama Precious, fundi wa matrekta kwenye shamba la mkonge.

"Shikamoo, mama Precious," Yussuf alisema, macho chini.

"Marahaba." Beatrisi aligusa bolti, akanusa vidole. "Shemeji, unatengeneza gari au unaunda mashua?"

Hata Nasima alicheka, machozi yangali yanamtoka.

"Spana yako ni nzuri," Beatrisi alisema. "Kwa kufungua, haina mpinzani. Kasheshe ni kufunga. Ina nguvu kuliko mkono, wala haikwambii basi. Ukipaka mafuta, nati inateleza, inakazika kupita kiasi, bolti inakatika. Na mafuta yakidondokea breki, breki haishiki. Unataka kumpakia nani humo, shemeji? Mtoto wa siku arobaini!"

Yussuf aliuliza, "Na kutu je?"

"Sugua kwa brashi ya waya, bolti zibaki kavu. Mafuta yanatiwa ndani ya spana yenyewe, pale unapochomeka mpira wa upepo. Matone mawili matatu, tena mafuta ya mashine. Haya ya papa warudishie wenyewe."

Bolti na nati mpya zilichukua siku tatu kupatikana. Asubuhi zote tatu Nasima alijibu, "Bado, mama." Bi Rahila hakulaumu. Aliuliza tu mtoto ameamkaje, na hilo lilimchoma Nasima kuliko lawama.

Siku ya nne Beatrisi alirudi kusimamia. Alimvisha Yussuf miwani ya kukinga macho. Soketi nyembamba ya kung'aa, kile kikombe cha spana kinachoshika nati, akaikataa, maana kwa upepo hupasuka. Akataka ile nene nyeusi. Chini ya gari akasukuma stendi za chuma.

"Jeki ni ya kuinulia, si ya kuiamini," alisema.

Yussuf alifungua nati kwa spana ya upepo, akatia bolti mpya, akasafisha bolti zote na breki mpaka harufu ikaisha. Nati akazianza kwa vidole. Gari liliposhuka chini, akazikaza kwa wili spana na mkono wake, moja huku, nyingine ng'ambo yake.

"Mkifika Tanga, zikaze tena," Beatrisi aliwaagiza.

Walipofika Tanga, Yussuf alisimamisha gari.

"Twende bwana, mama anangoja!" Nasima alilalamika.

Yussuf akashuka na wili spana. Nati moja ilizunguka, kidogo lakini ilizunguka. Akamtazama mkewe. "Zikaze zote," Nasima alisema, akamkumbatia mtoto.

Bi Rahila alikuwa mlangoni. Yussuf alishuka na lile kopo mkononi.

"Nani kaja na harufu ya mume wangu?" Bi Rahila aliuliza.

"Mimi, mama. Nimekurudishia mafuta yake."

Alilipokea, akalipakata kidogo, akaliweka chini. Kisha akanyoosha mikono mitupu.

"Mlete. Karibu. Karibu zaidi."

Nasima alimsogeza mtoto mpaka pua zao zikagusana. Bi Rahila alimtazama kwa muda mrefu.

"Ana nyusi za babu yake," alisema. "Nimeziona."