Misuko ya Dada Marieta

Kila asubuhi, kabla hajasema neno na mtu, Rogathe alifunga kitambaa kichwani. Pale nyumbani hakuna aliyeshangaa. Mwezi wa saba kijijini Tumati ni baridi ya kung'ata. Ukungu hushuka mpaka mlangoni, na hata baba yake, Mzee Akonaay, alikwenda zizini amejifunika blanketi hadi masikioni. Rogathe alichota maji, akafagia uwanja, akawafungulia mbuzi, akanywa uji wake haraka, akavaa sweta la shule. Kitambaa alikivua kengele ilipogonga tu, kwa kuwa shule haikuruhusu vitambaa.

Chini ya kitambaa hicho kulikuwa na misuko ya dada yake, Marieta.

Mwaka ule mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na shule nayo ilikuwa imepata mwalimu mkuu mpya mwenye mambo yake mapya. Aliwaruhusu wasichana wa madarasa ya juu kufuga nywele kwa sharti moja: ziwe safi, na zisukwe twende kilioni, mistari minyoofu kutoka usoni hadi kisogoni, bila madoido. Atakayeshindwa, mkasi. Rogathe, aliyekuwa darasa la sita, alifurahi kuliko wote kwa sababu alikuwa na dada mwenye mikono myepesi. Kila Jumamosi mchana Marieta alimkalisha chini, akamweka kati ya magoti yake, akamwosha, akamchana, akamsuka, huku akimsimulia umbea wote wa kwaya. Nyumba ile ilijaa kaka, na kaka hao walijua kupiga kelele. Hapo kwenye magoti ya dada ndipo mahali pekee ambapo Rogathe aliulizwa, "Na wewe, una habari gani?"

Baada ya Pasaka Marieta akaolewa Katesh. Asubuhi ya kuondoka kwake alimsuka mdogo wake kwa mara ya mwisho, misuko midogo iliyobana, akasema, "Hii itakaa." Maskini Rogathe aliyachukua maneno hayo kama amri. Akaamua kwamba misuko ile haifumuliwi mpaka dada arudi aifumue mwenyewe.

Haukupita muda, kaka yao Bura naye akaoa. Mke wake aliitwa Benedikta, binti wa wafugaji wa Kidatoga kutoka Masakta, upande wa Hanang. Alizipokea kazi za Marieta, akakikalia na kigoda cha Marieta jikoni. Alikuwa mpole na mchapakazi, lakini Kiiraqw, lugha ya nyumba ile, hakukijua. Jioni watu wakiota moto, mazungumzo yalianza kwa Kiswahili kwa heshima yake, halafu yakateleza kidogo kidogo yakarudi Kiiraqw, na yeye akabaki kuangalia moto. Rogathe aliliona hilo. Aliliona vizuri kabisa, akanyamaza, kwa kuwa moyoni alikuwa na kinyongo cha kile kigoda. Wifi akimwambia, "Njoo nikusaidie, wifi," yeye alijibu, "Nimeshamaliza," hata kama ndiyo kwanza ameanza.

Nywele, kwa bahati mbaya, hazijui ahadi za watu. Ziliendelea kuota. Mpya zikachipuka kati ya mistari na kushikana na za zamani. Rogathe akawa anaziosha juu kwa juu, bila kufumua, kwa kusugua kipande cha sabuni ya kufulia kichwani, na baridi ilipomzidi alifunga kitambaa hapo hapo, maji yakiwa bado yanachuruzika. Povu lilikaukia ndani. Kisha alipaka samli ili zilale, vumbi la kupura maharage likaganda kwenye samli, na alipokaa karibu na jiko ili zikauke, zikanywa moshi. Kichwa kikaanza kuwasha. Halafu kikaanza kunuka kama nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye ndoo.

"Siku hizi nani anakusuka?" mama yake alimuuliza siku moja shambani.

"Fabiola, mama. Alinifumua juzi akanisuka upya."

Uongo ulitoka mwepesi, ukamshangaza mwenyewe. Mama alikuwa na mavuno ya kumtoa jasho hata kwenye baridi ile. Aliridhika akaendelea na kazi.

Fabiola mwenyewe ndiye aliyekuwa akikaa na Rogathe dawati moja. Siku iliyofuata alikusanya madaftari yake.

"Nahamia kule kwa Hilaria," alisema bila kumtazama usoni. "Kule kuna mwanga."

Dawati lao ndilo lililokuwa dirishani. Tangu siku hiyo Rogathe alikaa peke yake, akala muhindi wake wa kuchoma peke yake, akarudi nyumbani peke yake. Njiani alikuwa akizungumza na dada yake aliye mbali, akijiuliza maswali na kujijibu, mpaka aliposikia hatua za watu ndipo akafunga mdomo. Upweke ulimkaa kifuani, na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu yule wa kumwambia ndiye aliyeondoka.

Ijumaa, Mwalimu Fransiska, aliyesimamia usafi, alipita mstarini. Alipofika kwa Rogathe alisimama.

"Misuko hii ni ya lini?"

"Ya juzi, mwalimu."

"Juzi gani hiyo, Rogathe?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Aliinama akasema kwa sauti ya chini, "Nenda kafumue, uoshe, usuke. Jumatatu nikikuta hivi, tunanyoa zote. Sitarudia."

Jumamosi watu wote walikwenda shambani kupura. Rogathe aliachwa kuangalia mahindi yaliyoanikwa yasiliwe na mbuzi. Alikwenda nyuma ya zizi na kitana, akajaribu kuchana zile nywele mpya zilizochipuka, zikiwa kavu, kuanzia kwenye ngozi, bila kugusa msuko wa dada. Alivuta. Alijikaza kisabuni, akavuta tena. Jino la kitana likakatika likabaki humo humo nyweleni. Alijaribu kufungua msuko mmoja pembeni, angalau mmoja tu, ukagoma. Hapo ndipo alipolia, kwanza kimya, halafu kwa sauti, akijua hakuna anayesikia.

"Usivute hivyo, wifi. Unajiumiza bure."

Benedikta alikuwa amerudi kuwachukulia watu maji ya kunywa. Alisimama na ndoo mkononi.

"Niache," Rogathe alisema.

Wifi hakuondoka, wala hakumsogelea. Aliitua ndoo, akakaa kwenye jiwe.

"Nani alikusuka hii?"

Jina la Fabiola lilimjia mdomoni. Lakini alikuwa amechoka, na uongo nao unachosha kuubeba.

"Dada Marieta. Asubuhi ya harusi yake. Sijafumua mpaka leo." Akafuta kamasi kwa kiganja. "Mama nimemdanganya. Mwalimu amesema Jumatatu wananinyoa. Na mimi sitaki zifumuliwe! Zikifumuliwa, hapa nyumbani hakutabaki kitu chochote cha mkono wake."

Wifi akasema polepole, "Msuko hautabaki, kweli. Lakini nywele alizozitunza dada yako bado zinaweza kubaki. Wakinyoa, hata hizo hazipo. Chagua wewe. Mimi sikugusi mpaka useme."

Rogathe aliangalia ukungu ulivyokuwa ukiachia bonde. Baada ya muda mrefu alisogea, akakaa chini mbele ya jiwe, kisogo kwa wifi yake.

"Anza na wa nyuma," alisema.

Benedikta aliwapelekea watu maji kwanza, akamwambia mama mkwe wake kwamba Rogathe anamhitaji nyumbani, akarudi mbio. Alichemsha maji akayapooza yakawa vuguvugu. Alileta chanuo lake la meno mapana na chupa ya mafuta ya alizeti kutoka kwao. Kwanza alipaka mafuta kwenye misuko ili ilegee, ndipo akaanza kuifumua kutoka nchani kwenda juu, mmoja baada ya mwingine, kwa vidole na njiti nyembamba. Ilikuwa kazi ya subira. Vidole vyake havikuwa vyepesi kama vya Marieta, lakini havikuumiza.

Ghafla Rogathe aliona vishungi vya nywele vimedondoka mapajani mwake.

"Zinang'oka! Wifi, zinaisha!"

"Haziishi. Kila siku kichwa kinaachia nywele chache. Zako zilikosa pa kudondokea, zikakaa ndani ya msuko. Angalia, hizi zimeshakufa siku nyingi. Zilizo hai zimeshika."

Alipomaliza kufumua alikigawa kichwa mafungu manne, akaosha fungu moja moja. Sabuni hakuisugua kichwani. Alitoa povu mikononi kwanza, akasugua ngozi kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Akasuuza, akasuuza tena, mpaka maji yakatoka meupe. Kisha akachukua fulana kuukuu ya Bura, akazikamua nywele kwa kuzibonyeza tu. Zikiwa bado na unyevu, alizipaka mafuta kidogo.

"Nywele zetu ukizichana kavu zinakatika," alisema. "Na ukianzia juu unakaza fundo. Anza nchani, fungua, panda kidogo, fungua tena. Halafu shika hapa karibu na ngozi, ili chanuo likivuta, lisivute kichwa. Shika mwenyewe fungu hili, ujaribu."

Rogathe alijaribu. Mafundo yalifunguka, mengine kwa hiari, mengine baada ya kubembelezwa. Lile jino la kitana nalo likatoka.

"Sasa kitambaa," Rogathe alisema, maana upepo ulikuwa baridi.

"Hapana! Hicho ndicho kilichokuponza. Nywele mbichi ukizifungia zinavunda zikanuka. Kaa juani, zikauke zote, mpaka kwenye ngozi."

Jua lilikuwa limetoka. Walikaa ukutani pasipo na upepo, wakifukuza mbuzi kwenye mahindi kwa zamu. Wifi alikuwa akijikuna chini ya kitambaa chake, Rogathe akamwona.

"Na wewe, wifi, nani anakusuka?"

Benedikta alicheka kidogo, kicheko kisichofika mbali. "Kwetu alinisuka mdogo wangu, Getruda. Tangu nimeingia hapa hakuna aliyenigusa kichwa. Niliona aibu kuomba. Watu wenyewe mna kazi zenu, na lugha siijui."

Rogathe aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Kumbe mwenye kigoda cha Marieta naye alikuwa na njaa ile ile, wanalala chini ya paa moja la bati na kila mtu analia kivyake. Alikwenda jikoni, akakibeba kile kigoda, akakikalia yeye.

"Nikishasukwa, utakaa hapa chini," alisema. "Sijui kunyoosha mistari. Utavumilia."

Mama yake aliporudi alasiri, aliwakuta hivyo: Rogathe kichwa kimesukwa kinang'aa, wifi yake kakaa chini katikati ya magoti yake, na mistari ya kichwani kwake imepinda kama njia za ng'ombe. Rogathe alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini hapa?"

"Mama, nilikudanganya. Fabiola hajanisuka hata siku moja." Akamweleza yote, tangu Pasaka hadi mkasi wa mwalimu.

Mama alitua kapu la maharage, akazipapasa nywele za bintiye, akakuta vidonda viwili vidogo vya kujikuna. Alikaa chini.

"Ungeniambia tangu mwanzo, mwanangu, ningekuosha mimi. Na mimi ningekuangalia kichwa badala ya kuridhika na neno. Sikia. Usafi si kumwaga maji juu ya uchafu na kufunika. Ni kufumua, kuosha hadi ndani, kukausha. Na huzuni nayo usiifunge kitambaa. Ukiwa mpweke sema, maana hapa nyumbani huenda yupo mwenzako anayengoja mtu wa kwanza kusema." Halafu akamgeukia Benedikta, uso umemshuka. "Nawe, binti yangu, utusamehe. Tumekuweka kwenye moto tukakunyima maneno."

Jioni ile Mzee Akonaay alipoanza kuteleza kwenda Kiiraqw, Rogathe alimkoholea. Mzee akacheka, akarudi kwenye Kiswahili.

Jumatatu Mwalimu Fransiska aliipitisha mikono yake juu ya mistari, akanusa, akasema, "Vizuri," akaenda mbele. Fabiola hakurudi dawatini siku hiyo. Alirudi siku nyingine, akidai kwamba kule kwa Hilaria jua linamuumiza macho, na Rogathe akasogea kumpa nafasi.

Jumapili baada ya misa Bura aliazima simu ya jirani, yeye, Benedikta na Rogathe wakapanda kilimani ambako mtandao ulishika, wampigie Marieta. Rogathe alikuwa akiiogopa simu hiyo.

"Dada," alisema, "misuko yako nimeifumua. Nisamehe. Ilikuwa inaoza."

Upande wa pili Marieta akacheka. "Mdogo wangu, ulikuwa bado nayo? Nani amekusuka sasa?"

"Wifi Benedikta. Na mimi namsuka. Na wewe, dada, huko nani anakusuka?"

"Nani anisuke huku? Natembea na kilemba tu."

"Huna wifi?"

"Ninaye, mdogo wa mume wangu. Msichana wa umri wako. Hanisemeshi, nikimwita anasema ameshamaliza kazi."

Rogathe aligeuka akamtazama Benedikta, aliyesimama pale kilimani na mistari yake iliyopinda. Aliishika simu kwa mikono yote miwili.

"Kesho vua kilemba, dada," alisema. "Kaa chini mbele yake, umpe chanuo. Umwambie aanze na za nyuma."