Mawese Kwenye Breki

Asubuhi ile uwanja wa Mahmudu ulikuwa umetulia. Mkewe Zainabu alikuwa akikaanga ndakala, dagaa wa ziwani, kwa mawese, binti yao Yasmina akitwanga sombe, yaani kisamvu, na Mahmudu mwenyewe amechuchumaa kando ya gurudumu la gari lake, akiimba. Ulikuwa wakati wa vita vya pili vya nchi yetu. Wengi walikuwa wamevuka ziwa kwenda Kigoma, na hapa mjini Baraka gari hilo ndilo lililobaki kupandisha kina mama na samaki wao hadi soko la Fizi. Tulilipenda, ndugu zangu, na mwenye gari tulimpenda.

Siku hiyo alikuwa akibadilisha plaketi za breki, vile vipande vinavyobana diski ili gurudumu lisimame. Kazi hiyo aliijua vizuri, alijifunza Uvira. Kwanza unasugua kwa brashi tope na kutu yote pale plaketi inapokaa. Unafuta diski mpaka ikauke. Halafu unapaka grisi kidogo kwenye vyuma vya kutelezea na mgongoni mwa plaketi. Usoni, pale inapogusa diski, hupaki kitu kabisa.

Lakini abiria walikuwa wameshafika, wameketi juu ya mizigo yao, wanapiga kelele za kuondoka. Mahmudu akapachika plaketi mpya juu ya tope la zamani, kisha akaita:

"Mama Yasmina, uniletee mawese kidogo."

"Ya kula?"

"Ya freni, ya hizi breki. Graisse haiko."

Zainabu akaja na kijiko cha mawese mkononi. "Baba Yasmina, mawese ni ya chakula. Na ile matope, hautaitosha na brashi?"

"Ni vita, mama. Tutafanya je?" Akayapokea mawese, akayapaka mgongoni mwa plaketi na kwenye vyuma vya kutelezea.

Hapo ndipo hasira inaponipanda. Grisi ilikosekana kwa sababu ya vita, nakubali. Brashi je? Ilikuwa inaning'inia ukutani. Maji je? Ziwa lote lile mbele ya macho yake! Lakini neno "ni vita" tulikuwa tumelizoea. Darasa halikufagiliwa, ni vita. Mgonjwa hakupelekewa uji, ni vita. Mahmudu alilichukua kwetu.

Kupanda Fizi hakukuwa na shida, maana mlima wenyewe unapunguza mwendo. Jioni wakaanza kuteremka, Zainabu ameketi mbele karibu na mumewe, nyuma kina mama wamejaa. Kwa sababu ya lile tope, plaketi ilikwama ikawa inasugua diski bila kuachia. Chuma kikapata moto, mawese yakayeyuka yakaingia usoni mwa plaketi, ikawa inateleza badala ya kubana.

Zainabu akanusa. Harufu hiyo ilikuwa ya jikoni kwake.

"Baba Yasmina, ni nani iko nakaranga samaki humu?"

Mahmudu akacheka. Halafu akakanyaga breki, na kicheko kikamwishia mdomoni. Gari halikupunguza mwendo hata kidogo.

"Mushikilie!" akapiga kelele. "Bamama, mushikilie!"

Akaligongesha kwenye ukingo wa udongo kabla ya kona, na gari likasimama limelala ubavu. Kina mama wote wakatoka wazima, Mungu ashukuriwe. Zainabu alivunjika mkono wa kuume. Daktari alikuwa amekimbia vita, mfupa ukajiungia wenyewe ukiwa umepinda, na mkono huo haukushika tena mchi.

Yasmina alipoolewa Ubwari, mchi ukabaki bila mtu. Mahmudu akauchukua. Mpaka leo ukipita pale utamwona mbele ya kinu, mwanamume mzima, anatwanga sombe uwanjani watu wakimtazama. Siku moja jirani yake, mama Adolphine, alimwonea huruma.

"Pole, Baba Yasmina. Ilikuwa vita."

Mahmudu hakuacha kutwanga.

"Hapana, mama. Siku ile vita haikupita kwa ile njia. Nilipita mi."

FUNDISHO

Ndugu zangu, vita vilituibia mengi, tusivipe na yale ambayo havikuiba. Kisichokuwepo tukiseme wazi, na gari libaki uwanjani mpaka kipatikane. Kilichopo, kama brashi, maji na dakika chache za kusugua, tukitumie. Wewe dereva, safisha kwanza, paka panapostahili, uso wa plaketi uuache mkavu. Na mke wako akikuuliza kuhusu tope, inuka ukalitoe.