Aliyekunywa Mate ya Fundi

Mchana mmoja fundi cherehani alitia uzi mdomoni kulowesha ncha yake, akakuta mdomo umekauka kama chaki. Akajaribu tena. Ulimi ulinata, na uzi ukatoka kama ulivyoingia. Tundu la sindano nalo, ambalo kwa miaka ishirini alilipata hata huku akitaniana na wateja, leo aliliona kama mawili.

"Mate yako nimeyanywa mimi," ikasema sauti kutoka kwenye benchi la wateja.

Benchi halikuwa na mtu. Tangu mkewe afariki, miezi minane sasa, wateja walikuwa wamechoka kupokea suruali zenye mguu mmoja mfupi. Lakini kila mchana, jua likiwa kali na mtaa umesinzia, ubao wa benchi ulilia kama umekaliwa na mtu mzito, ikaja harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi, na jini akaanza kumsomea mashtaka: mkeo ulimchelewesha hospitali, kazi imekushinda, nani atakukumbuka? Fundi alimwogopa. Ni aibu kusema, lakini pia alimngoja, maana hapakuwa na mwingine wa kukaa naye.

Siku tisa kabla ya hapo alikuwa amejikokota hadi kliniki. Daktari alimwandikia vidonge vidogo vya amitriptilini, dawa ya huzuni nzito, kimoja kila jioni, na muuguzi akamweleza taratibu: mdomo utakauka, macho yataingia ukungu, ukiinuka ghafla utapata kizunguzungu, pombe usiguse. Nafuu huchukua wiki kadhaa, usikate tamaa, na usiache ghafla. Fundi aliitikia kwa kichwa, "ndiyo Sista, ndiyo Sista," na hakusikia hata nusu. Mtu mwenye huzuni huwa na adabu sana kliniki.

Kwa hiyo mdomo ulipokauka, akajua jini amepata nguvu, na kwamba dawa ndiyo inayomlisha. Akavitupa vidonge kwenye droo ya vifungo. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Hazikupita siku nne akaanza kutoka jasho akiwa amekaa. Tumbo likachafuka, ndoto mbaya zikamfuata hata kwenye usingizi wa mchana. Jini naye akahama benchi, akaja kukaa mbele ya cherehani, goti kwa goti na mwenyeji wake.

"Umeruka siku ngapi, Fundi?" akanong'ona siku ya saba.

"Saba."

"Na mshono ukiruka, fundi mzuri hufanya nini?"

Hapo ndipo jini alipomnasa. Mshono ulioruka hurudiwa, tena unapita juu yake mara mbili ili kazi ishike. Ndivyo fundi alivyofundishwa na ndivyo alivyowafundisha wengine. Akafungua droo, akamimina vidonge kiganjani, na jini akasema ongeza, mshono haudhuriki kwa kuzidishwa, na fundi akaongeza, huku kanyagio la cherehani likipanda na kushuka bila mguu juu yake, huku ile harufu ya ubichi ikimwingia puani mpaka kooni, huku mkono ukiinuka wenyewe kuelekea mdomoni naye hajui tena kama ni mkono wake au wa yule aliyekaa mbele yake.

"Meza," jini akasema kwa upole. "Hutakuwa peke yako tena. Tunaondoka pamoja."

Mkono ukasimama. Fundi alishangaa kujikuta anataka kuishi. Hakuwa amelijua hilo kwa muda mrefu. Kwenye bahasha ya dawa muuguzi alikuwa ameandika namba ya simu. Akapiga.

"Sista," akanong'ona, "nimeruka siku saba. Nazirudia."

"Umeshameza?"

"Ziko mkononi."

"Baba, ziweke chini. Hiyo si nguo. Dozi iliyoruka hairudiwi. Ukizirundika zinaushika moyo, unaweza kusimama. Nani yuko karibu nawe?"

"Yuko hapa."

"Nani?"

Fundi akatazama mbele yake. "Si mtu."

"Basi mwite mtu. Simu usikate."

Ng'ambo ya barabara alikuwapo fundi viatu, ambaye hakuwa amesalimiana naye tangu msiba. Fundi akafungua mdomo kumwita, sauti ikakwama kwenye ukavu. Akachukua mkasi, akaugonga kwenye mlango wa bati, akagonga, akagonga, mpaka yule jirani akatokea na kiatu cha mteja mkononi.

"Vipi jirani, kuna moto?"

"Kaa na mimi," fundi alisema, akaangua kilio.

Jirani alikaa. Kisha akampeleka kliniki, daktari akamwanzishia dawa upya kwa dozi ndogo.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," muuguzi alimwambia. "Mdomo kukauka ni dawa, si jini. Piga funda la maji. Jambo likikushinda, njoo tuzungumze."

Vidonge vikawa vinatunzwa na fundi viatu, akimpimia vya wiki moja moja. "Sasa mimi mfamasia," alijisifu, "ila soli bado nagonga." Wiki ya tatu fundi akalala usingizi wa kweli. Ya sita, suruali zikawa na miguu sawa. Jini akapungua, akawa sauti ya chumba cha pili, kisha hakuna. Na chumba, jamani, kikawa kimya kupita kiasi.

Miezi miwili baadaye jini akarudi. Safari hii alinukia sabuni.

"Hongera," akasema. "Umepona. Dawa ya nini tena?"

Mungu amsamehe fundi: alifurahi kumsikia. Alifurahi mpaka akaogopa furaha yake. Akamimina maji kwenye kikombe, akatoa kidonge cha jioni hiyo.

"Daktari ndiye atakayesema lini," akajibu, "na tutapunguza kidogo kidogo." Akameza.

Jini akacheka taratibu, kama rafiki wa siku nyingi.

"Sina haraka," akasema. "Siku utakayoamka ukajiona mzima kabisa, mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kukupongeza."