Pazia la Vumbea

Kikwepeo kilitulia kwenye kiganja cha Bi Koku kama kitumbua cha chuma. Kikavuma kidogo, taa yake ikaanza kupepesa njano.

"Kipe dakika, shangazi," alisema Semboja wa kaunta ya ofisi ya safari pale Arusha, ambaye kwake kila mteja alikuwa shangazi au mjomba. "Kinasikiliza nchi nzima."

Na kweli kilikuwa kinasikiliza. Mwaka ule wa 2094 ardhi yote ilikuwa imechomekwa masikio-ardhi, vijiti virefu kama kidole, kazi yao kuhesabu nyayo na sauti za watu. Kikwepeo kilizikusanya hesabu hizo, kikamwelekeza msafiri mahali ambako wenzake hawajafika. Wageni wakifika ishirini, taa inakuwa nyekundu na mahali panafungwa. Kabla ya kidude hicho, magari-anga yalikuwa yakipanga foleni juu ya Ngorongoro tangu asubuhi, na Unguja watu walipewa zamu ya kukanyaga mchanga.

"Sisi tumetoka Bukoba," alisema mumewe, Mzee Rugaimukamu. "Tuna wajukuu kumi na tisa, na wote wamehamia kwetu. Tunaomba siku mbili tu za kutosikia mtu akiita babu."

"Mwongo huyu," alisema Bi Koku. "Siku ya pili atawapigia mwenyewe."

Taa ikawa kijani. Maandishi yakatokea: *Vumbea, Milima ya Upare. Utulivu: mia kwa mia. Hakuna sauti ya mtu kwa siku saba.*

"Mia kwa mia," alisema Semboja. "Sijawahi kuona. Mjomba, mna bahati."

Kwenye meza ya nyuma, mhandisi Nakiete Mchomvu aliinua kichwa. Kikwepeo alikibuni yeye. Na Vumbea ndiko alikozaliwa.

Kuna jambo ambalo Nakiete hakuwa amemwambia mtu, hata Semboja ambaye habari za ofisi nzima zililala kwake. Miaka minne nyuma, kikwepeo kilipoanza kupeleka wageni Vumbea, alikwenda kumtembelea mama yake akakuta wanne wanampiga picha akitwanga, wengine wanaosha viatu kwenye ndiva, lile bwawa ambalo wanakijiji hugawana maji yake kwa zamu. Damu ilimchemka. Aliporudi Arusha alifungua mtambo unaoongoza vikwepeo vyote, akaandika kwamba Vumbea ni msitu wa tambiko, watambikaji wamo, mgeni haingii. Kwa misitu ya namna hiyo mtambo ulishusha pazia: mahali panafutika kwenye ramani za mashine zote. Alidhani anamlinda mama yake.

Mama yake, Bibi Nambike, hakuwa ameomba kulindwa. Alikuwa mwanamke wa nyumba kujaa. Makande yake aliyapika kwenye sufuria la watu thelathini, na mgeni akimaliza kula alishajua nani kamwacha nani kuanzia Gonja hadi Same. Wale wapiga picha aliwapa vigoda, akawauliza wameoana lini na mama mkwe ana tabia gani.

Pazia liliposhuka, wageni wakakatika. Basi la mlimani, ambalo halikuwa na dereva bali ramani tu, likaanza kupita bila kusimama. Duka likafungwa. Majirani wakashuka Same mmoja mmoja, wa mwisho wakiwa Mama Kiangi na mumewe. Bibi Nambike alikataa kuondoka.

"Nikienda, wageni wakirudi watamkuta nani?" alimwambia binti yake kwenye simu. "Nakiete mwanangu, wewe unafanya kazi na wageni. Niliwaudhi nini?"

"Hukuwaudhi, mama. Ni msimu tu."

Msimu ulichukua miaka minne. Nakiete alimpigia kila Jumapili, ila Jumapili mbili zilizopita, kwa kuwa kazi ilibana.

Sasa alisimama mbele ya kaunta, Bi Koku na mumewe wameshaelekea kwenye gari-anga lao. Alipiga simu ya mama yake. Ikaita mpaka ikachoka.

"Semboja, pazia likishuka, linaondokaje?"

"Wewe ndiye uliyeandika kanuni, dada. Mahali pakikaa siku saba bila sauti ya mtu, mtambo unajua tambiko limekwisha. Unapafungulia wageni." Akamtazama. "Kwani kuna nani huko?"

Nakiete alishachukua funguo.

Akiwa angani alijipa moyo. Mtu aliye peke yake anaongea na nani? Siku saba za kimya si lazima ziwe ugonjwa. Mama yupo, ila hana wa kumwambia neno. Wazo hilo alilishika ili limfariji, akakuta linamkata vibaya kuliko lile la ugonjwa.

Alitua ukungu ukiwa umeanza kupanda mlimani. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, kama siku zote. Uani, kwenye vigoda vya mama yake, walikaa Bi Koku na mumewe, wametulia kama watu walio kanisani. Bi Koku alimwona, akaweka kidole mdomoni.

"Polepole, mwanangu," alinong'ona. "Mwenyeji amelala. Tulipiga hodi, hatukutaka kumsumbua."

Nakiete aliingia. Mama yake alikuwa kwenye kiti kando ya jiko, amejifunga kanga mbili, uso umeelekea mlangoni. Majivu yalikuwa bado na joto. Mkono wake haukuwa nalo. Karibu yake lilikuwepo lile sufuria kubwa, limesuguliwa likang'aa, na ndani yake mahindi na maharage yaliyolowekwa ya kutosha watu thelathini.

Bi Koku alisikia kilio chake kabla hajamwona. Aliingia, akavua viatu, akampokea Nakiete kifuani bila kumuuliza yeye ni nani.

"Nilimfungia watu," Nakiete alisema. "Mimi. Kwa mkono wangu."

Mzee Rugaimukamu alikuwa tayari anatafuta kuni.

Mchana huohuo Nakiete alifungua mtambo kutoka kwenye kigoda cha uani. Alifuta neno tambiko, akaandika: *Vumbea, nyumbani kwa Nambike. Kuna msiba.* Kisha akaagiza kila kikwepeo kilichokuwa milima ya kaskazini kielekeze huko.

Walikuja waliotafuta upweke wakakuta kilio, na ni wachache waliogeuza, maana nani anafika kwenye msiba akaaga mlangoni? Basi la mlimani lilisimama kituoni likamshusha Mama Kiangi na nusu ya kijiji. Hadi jua linaelekea magharibi ua haukuwa na pa kuweka mguu. Mama Kiangi alianza kuwasimulia wageni jinsi marehemu alivyovunja uchumba wa watu kwa sentensi moja, wakacheka huku wanafuta macho.

"Huyu mama ningempenda," alisema kijana mmoja wa Mtwara.

"Angeshakujua hadi babu yako," Mama Kiangi alimjibu.

Kwenye mfuko wa Nakiete kikwepeo kilitetemeka. Alikitoa. Taa ilikuwa nyekundu: *Mahali hapa pamejaa. Tafuta pengine.*

Alikitazama, kisha akautazama mlango ulio wazi, na kiti cha mama yake kilichobaki kitupu ndani. Akakilaza kikwepeo kwenye kile kiti, akatoka kwenda kuongeza maji kwenye sufuria.